Nashilu Anataka Kufia Ndani

Masika ile kila mtu Olmotonyi alikuwa na neno la kusema juu ya kufa kwa Nashilu. Nashilu mwenyewe alikuwa nalo pia, ila hakuna aliyepata nafasi ya kumuuliza. Waungwana wale walikuwa na kazi kubwa ya kumhurumia.

Alianza kuugua wakati wa mavuno. Uvimbe ulimtoka tumboni, chini ya mbavu za kushoto, ukakua polepole mpaka nguo ikashindwa kuuficha. Alichokula alikitapika. Simaloi, mke wa kitinda mimba wake Kisioki, ndiye aliyempikia, akamwogesha, akamgeuza ubavu huu na ubavu ule, akamwaga matapishi nyuma ya migomba. Kwa kazi hiyo alisifiwa sana na watu ambao hawakuwahi kumpokea hata kibuyu cha maji.

Simaloi, mumewe na mtoto wao Namnyaki, aliyekuwa bado ananyonya, waliishi humo humo ndani ya nyumba ya Nashilu. Yao iliangushwa na mvua za mwaka uliotangulia, na Kisioki alikuwa mtu wa kujenga kesho. Nyumba ya Nashilu haikujua habari ya kuvuja. Ilikuwa ya duara, pana, na aliijenga mwenyewe alipoolewa, kama walivyojenga wanawake wote wa Waarusha: alikata fito, akazifunga kwa kamba za migomba, akakandika udongo na samadi, akaezeka manyasi mpaka karibu na ardhi. Siku atakapoondoka ingekuwa ya kitinda mimba, yaani ya Kisioki kwa jina na ya Simaloi kwa kukandika.

Ila kulikuwa na sharti. Mtu hafii ndani. Anapokata kauli hubebwa nje ya ua, akalazwa juu ya ngozi kichakani, kifo kimkute huko na fisi wamalizie shughuli. Kaburi lilikuwa mambo ya wakubwa wachache na ya wageni. Mtu akikosea akafia ndani, nyumba imeharibika: hailaliwi tena, moto hauwashwi, nayo hupigwa chini siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ukoo ulikuwa ukimtazama Nashilu kwa mapenzi tele, huku ukipima kwa macho umbali wa kutoka kitandani kwake hadi mlangoni.

Aliyepima kwa makini zaidi alikuwa Lerionka, shemeji yake Nashilu na mzee wa ukoo. Lerionka alikuwa na sababu zake. Mwanawe na wenzake wa rika walikuwa watahiriwe mvua zikikatika, na pombe ya asali ilikwisha kuanza kuchachuka vibuyuni. Msiba ukitokea, tohara ingesogezwa. Tohara ikisogezwa, pombe ingeharibika. Mzee yule hakuwa katili hata kidogo. Alitaka tu shemeji yake afe kwa wakati unaofaa.

"Shemeji, kula," alikuwa akimwambia kila asubuhi, ameshika bakuli la supu ya mifupa na mizizi. "Jikaze, usukume siku. Tukimaliza shughuli ya watoto, utapumzika."

"Nitapumzika nikipewa ruhusa," Nashilu alimjibu. "Vizuri. Nilidhani kufa ni jambo la kujiamulia tu."

Upande wa pili alikuwepo Bariki, mwanawe wa kwanza, ambaye zamani aliitwa Lemburis, hadi misheni ilipomwosha jina. Bariki alivaa suruali, alijua nyimbo, na alimpenda mama yake kwa hofu kubwa: aliamini kabisa kwamba akifa bila ubatizo ataungua milele. Alikuja na mwalimu wake Eliasi, Mmeru wa Nkoaranga, aliyefundishwa kusoma na wamisionari akakabidhiwa na sanduku la chupa za dawa. Eliasi alikuwa mpole, msafi, na hakuna swali lililowahi kumshinda.

"Bibi anaweza kubatizwa," alieleza akiwa ameketi kwenye kigoda, "lakini kwanza aache kukataa chakula. Anayekataa chakula anajiua, na anayejiua hana ubatizo."

"Nikila natapika," alisema Nashilu. "Nikitapika nahisi tumbo linachanika."

"Mateso hutufundisha, bibi."

"Yamenifundisha vya kutosha. Sasa mpeni mwingine zamu."

"Hata Serikali hairuhusu mtu kujiua," Eliasi aliongeza, akaonyesha kidole kuelekea chini mjini, ambako Wajerumani, au Wadachi kama walivyoitwa kule, walikuwa wamejijengea ngome yao ya kuta nyeupe.

Nashilu alicheka mpaka akajishika tumbo kwa maumivu. "Wadachi! Walipokuja mara ya kwanza na bunduki zao walichoma migomba, wakachukua ng'ombe, wakamwua mume wangu pale kwenye mfereji. Mwalimu, walimuuliza kama anataka kufa? Hakutaka. Alikuwa amepanda mahindi siku ile ile. Mimi ninayetaka, hao hao ndio wananikataza. Hawa watu wana choyo gani, hata kifo wamgawie asiyekitaka na wamnyime anayekiomba?"

Eliasi alitoa kitambaa akaanza kuifuta chupa iliyokuwa safi. Simaloi, aliyekuwa anamnyonyesha mtoto pembeni, aliinamisha uso ili asionekane anacheka.

Mara ya kwanza kumbeba Nashilu ilikuwa ya ukoo. Alizimia asubuhi moja baada ya kutapika, macho yakageuka, na kabla Simaloi hajamaliza kumwita jina, vijana wa Lerionka walikuwa wameshamkamata miguu na mabega. Hata kulia hawakulia kwanza. Walimtoa mbio, wakamlaza kichakani juu ya ngozi, wakasimama mbali kidogo kwa heshima huku mvua ikiwanyeshea. Mvua ile ile ikamzindua mgonjwa.

"Nani amenitupa huku?" sauti ikatoka kwenye ngozi. "Sijafa, wapumbavu nyie! Nirudisheni, nina baridi!"

Walimrudisha wakiwa wameinamisha vichwa. Lerionka alitangaza kwamba ukoo hauna kinyongo naye kwa kuwasumbua.

Mara ya pili ilikuwa ya misheni. Bariki alimkuta mama yake amelala kinywa wazi, haitiki, akaona akichelewa ataikosa roho yake. Wakamtia kwenye machela na safari ikaanza kwenda kwenye nyumba ya wagonjwa ya misheni, ng'ambo ya mto, Eliasi akitangulia kwa wimbo. Mto ulikuwa umefurika na daraja la magogo limekwenda na maji. Walikaa ukingoni wakimsubiri Mungu apunguze maji, mpaka Nashilu akaamka, akauliza kama wamemleta kuoga. Alirudishwa nyumbani akiwa na homa juu ya uvimbe. Eliasi alisema ni jaribu la imani, ingawa hakusema ni imani ya nani.

Siku iliyofuata, wanaume wakiwa wamekwenda kwa mifugo yao, Nashilu alimwita Simaloi aketi karibu na moto.

"Mwanangu, nimechoka kuingizwa na kutolewa. Chakula chao usinipe tena. Nipe maji ya kulowesha mdomo, basi. Na wakija kunitoa, usiwape. Nataka kufia hapa, kwenye moto wangu."

Simaloi hakuamini masikio yake. "Hapa ndani, yeyo?" Yeyo ni mama, ndivyo alivyomwita mama mkwe wake tangu alipoletwa pale akiwa bibi harusi mwenye kulialia.

"Hapa ndani."

"Na nyumba?"

"Nyumba nimeijenga mimi. Watoto wangu wote nimewazalia humu. Habari za mume wangu nililetewa nikiwa nimekaa hapa ulipokaa wewe. Kila jambo langu kubwa limenikuta humu, na hili la mwisho mnataka nikalifanyie kichakani na mvua inaninyeshea kichwani."

Simaloi alikasirika. Alimpenda mama yule kuliko alivyowahi kumpenda mtu yeyote katika ukoo ule, mumewe akiwemo siku nyingine, na bado hasira ilimpanda. "Na mimi? Na mtoto huyu? Tutalala wapi, yeyo, masika yote hii? Wewe utakuwa umeshaondoka. Sisi ndio tutakaolowa!"

"Najua," alisema Nashilu. "Sikwambii kwamba si kitu. Nakuomba jambo kubwa."

"Basi siwezi."

"Haya. Angalau wewe nimekuomba ukanijibu. Wale wengine wanajua nina mdomo wa kutilia supu tu."

Simaloi alitoka nje akaenda kukata majani ya ng'ombe, akakata mengi kuliko ng'ombe waliyoweza kula, na kila alipoinua panga alijiambia kwamba amejibu vizuri.

Huenda angelishikilia jibu lile kama si hekima ya wanaume. Nashilu alipofunga kinywa kabisa, Lerionka na Eliasi, ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya rangi ya mawingu, walikubaliana kwamba sasa ni lazima alishwe. Lerionka alileta pembe ya kunyweshea ndama dawa. Eliasi alileta matone yake ya chupa akayatia kwenye supu ya mizizi. Desturi na ustaarabu vikakutana ndani ya pembe moja, kila kimoja kikiwa na nia njema.

"Mshike kichwa," Lerionka alimwambia Simaloi, naye akamshika.

Nashilu aliuma meno. Wakayatenganisha kwa mpini wa mwiko. Supu iliingia, ikampalia, ikamtokea puani, na mwili wote ukaruka pale kwenye ngozi. Simaloi alikuwa amemshika kwa viganja viwili, akasikia taya likitetemeka ndani ya mikono yake. Nashilu hakuwatazama wanaume. Alimtazama yeye, wala si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayeangalia nani amebaki.

"Mmeona? Imeingia!" alisema Lerionka kwa furaha, akafuta pembe yake kwenye nyasi. Eliasi alimshukuru Mungu. Walipofika nje ya ua, supu yote ilitoka, pamoja na damu.

Simaloi alimfuta, akambadilisha nguo, akafagia. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani, akalia kwa sauti, na Namnyaki naye akadakia.

"Yeyo," alisema alipoweza kusema, "nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Yote uliyosema."

"Na nyumba?"

"Usiifikirie tena. Hiyo niachie mimi."

Kuanzia siku ile Simaloi ndiye aliyepokea bakuli mlangoni. Aliwaeleza wanaume kwamba mgonjwa huona haya kulishwa mbele za shemeji na wageni, nao wakaelewa upesi, maana hakuna aliyefurahia kurudi kwenye kazi ile. Ndani, supu aliinywa yeye, kwa amri ya Nashilu.

"Kunywa, wewe unanyonyesha. Mifupa mizuri hiyo. Shemeji yangu hakuwahi kunichinjia hivi nilipokuwa mzima."

Matone ya Eliasi yalimwagwa majivuni. Bakuli lilipotoka tupu, nje kulikuwa na shangwe. Lerionka alisimulia kwenye kila kikao kwamba mizizi ya babu yake haijapata mpinzani. Eliasi alimpelekea mchungaji wake habari kwamba dawa ya chupa imemgeuza mgonjwa. Namnyaki akaota mashavu. Kwa ushahidi huo wote, Nashilu alikuwa anapona, na aliyejua vingine alikuwa Simaloi peke yake, ambaye kila alipomgeuza alimkuta mwepesi zaidi.

Haikuwa rahisi. Kuna asubuhi alizojikuta amesogeza kijiko hadi mdomoni kwa yeyo wake akisema, "Kidogo tu, tone moja," akitamani mama yule akubali ili na yeye aamke kwenye ndoto ile mbaya. Nashilu aligeuza uso ukutani, na Simaloi akakirudisha kijiko. Lakini kutapika kuliisha, maana hakukuwa na cha kutapika, na kwa mara ya kwanza tangu mavuno mgonjwa alikuwa analala bila kuguna. Walizungumza sana siku zile. Nashilu alimsengenya kila mtu aliyemjua, wazima na marehemu, na Simaloi alicheka huku machozi yanamtoka.

Kisha daraja likajengwa upya, na kikao kikaitwa. Kwa heshima ya mgonjwa kilifanyika chini ya upenu wa nyumba yake, mahali ambapo angesikia kila neno pasipo kusumbuliwa kuchangia. Lerionka alikuja na wazee wenzake. Bariki alikuja na Eliasi na machela. Kisioki alikaa katikati, akimkubalia kila aliyesema mwisho.

Bariki alitaka mama yake apelekwe misheni leo leo, akiwa bado ana nguvu za supu. Lerionka alisema hakuna mtu wa ukoo wake atakayekwenda kufia kwa wageni na kufukiwa ardhini kama kiazi.

"Uhai ni wa Mungu," alisema Eliasi kwa upole. "Hakuna mwenye ruhusa ya kuuamulia ila Yeye, na Yeye ametuachia sisi maagizo."

"Uhai wa mwanamke huyu ni wa ukoo," alisema Lerionka. "Ukoo ndio uliotoa ng'ombe akaja hapa."

"Ni mama yangu," alisema Bariki.

"Na mimi pia ni mama yangu," alisema Kisioki, akatazama huku na huku kama kuna atakayepinga.

Katika nchi ile nyama ina utaratibu wake. Mnyama akichinjwa, wazee wana kiungo chao, vijana wana chao, wanawake wana chao, na hata mtoto mdogo anajua kisu kipite wapi. Wanaume wale walikuwa wamezoea kugawa, nao waligawa kwa ufasaha mkubwa. Roho ikaenda huku, mwili ukaenda kule, kilio kikawa cha hawa na mazishi ya wale.

"Mkishagawana," sauti nyembamba ikatoka ndani, "mniletee na mimi kipande changu."

Lerionka akakohoa. Kisha, kwa kumstahi mgonjwa, alishusha sauti na kuendelea.

Ndani, Simaloi alikuwa ameketi nyuma ya Nashilu, amemwegemeza kifuani. Nashilu alimwomba achochee moto. Simaloi alinyoosha mguu akasukuma kuni kwa kisigino, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi ya kumshika. Mwali ulipanda. Nashilu aliutazama, akavuta pumzi, akakaa nayo, akaitoa. Simaloi alisubiri nyingine. Nje walikuwa wamefikia habari ya mto, nani awe na haki upande upi, na sauti ya Eliasi ilikuwa inasikika vizuri sana. Pumzi nyingine haikuja.

Hakupiga yowe. Yowe lingewaleta mbio, wamnyakue mama wa watu hata dakika hii. Alilia kimya kimya, uso wake kwenye kisogo cha yule mama, mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa. Halafu akamfumba macho, akamlaza vizuri, akamfunika ngozi.

Kikao kilimalizika kwa mapatano ambayo kila mtu aliyasifu. Nashilu angepelekwa misheni. Akifa upande huu wa mto, ni wa ukoo, atalazwa kichakani. Akifa ng'ambo, ni wa misheni, atazikwa kwa wimbo. Lerionka alikubali upesi kuliko watu walivyotarajia, maana kifo cha ng'ambo kingekuwa msiba wa misheni, na tohara isingeguswa.

Kisioki aliinama mlangoni. "Amelala?"

Simaloi alimtazama mumewe. Nyuma ya Kisioki mvua ilikuwa inaanza upya. Alitazama paa, alimtazama Namnyaki aliyekuwa amejikunja penye joto. Yeyo alikuwa ameshapata alichokitaka. Wakimtoa sasa, kifo kitahesabiwa nje, nyumba itabaki, na hakuna aliyeumia.

"Amelala," alisema.

Wabebaji hawakumkagua. Mara mbili walishamdhania amekufa wakatukanwa, hawakutaka mara ya tatu. Simaloi alimfunga mtoto mgongoni, akawafuata.

Walipofika darajani Eliasi alisimamisha machela ili waombe. Alipitisha mkono chini ya ngozi amshike mgonjwa kiganja, akautoa polepole. Aliitazama machela, akalitazama daraja.

"Amelala katika Bwana," alisema. "Hapa hapa. Kichwa kilikuwa kimeshavuka."

Bariki aliangua kilio. Lerionka alipima machela kwa macho na kukubali kwamba kichwa kilikuwa kimevuka kweli. Basi msiba ulikuwa wa ng'ambo, na kila mtu akawa na neno jema la kusema.

"Alinibana mkono," alisema Eliasi. "Nilimuuliza moyoni kama anapokea wokovu, naye akanibana mkono. Nitamweleza mchungaji kwamba alikubali."

"Alikula mpaka siku ya mwisho," alisema Lerionka. "Ukoo ulimwambia ajikaze, akajikaza. Alitaka kuwaona watoto wakitahiriwa. Alikuwa mwanamke mtiifu."

Hapo ndipo Simaloi aliposhindwa kuvumilia.

"Alifia ndani," alisema.

Wakageuka wote.

"Alifia nyumbani kwake, kwenye moto wake, amenilalia mimi, nyie mkigawana. Supu yako, baba, niliinywa mimi. Dawa yako, mwalimu, iko majivuni. Hakukubali kitu chochote. Alitaka kufa, alitaka kufia ndani, akafanya yote mawili."

Wabebaji waliiachia machela kwa mkupuo mmoja, wakaanza kujifuta mikono kwenye nyasi, maana walikuwa wamebeba maiti njia nzima bila kujua. Lerionka peke yake hakupaza sauti. Alimsogelea Simaloi kama anavyosogelewa ng'ombe mwenye ndama.

"Binti yangu, umechoka. Hujalala siku nyingi. Wewe mwenyewe ulimwambia mumeo amelala, na amelala si amekufa. Liseme tena vilevile, nyumba ibaki. Una mtoto mgongoni."

"Ni kweli, dada," alisema Eliasi. "Mara nyingi mtu huonekana amekwisha, kumbe bado."

"Sema aliishi mpaka darajani," Bariki alimsihi, kamasi zikimtoka. "Tafadhali."

Walikuwa wamemzunguka kwa huruma ya kweli. Masika nzima hakuna aliyemwomba Simaloi aseme anachokijua, na sasa walikuwa wanamwomba wote kwa pamoja, mradi aseme wanachokitaka wao. Na yeye aliitaka ile nyumba. Aliitaka kwa mwili wake wote, mgongo wake ukiwa umeshalowa, na mtoto anapiga chafya.

"Alifia ndani," alisema.

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo. Eliasi alifunga sanduku lake. Misheni haikuwa na kaburi la mtu asiyebatizwa aliyejinyima chakula kwa kusudi. Lerionka alikusanya wazee wake waende wakatakaswe, na njiani walisikika wakijadiliana kama pombe itavumilia mwezi mmoja zaidi. Nashilu, aliyegombewa na pande mbili tangu mvua zianze, hakuwa tena na mtu wa kumgombea. Alibaki juu ya magogo na wanawe wawili na mkamwana wake.

Kisioki aliinama akashika machela upande wa mbele. Bariki akashika nyuma.

"Tumpeleke wapi?" Kisioki alimuuliza mkewe.

"Nyumbani. Nyumba imeshaharibika. Basi awe nayo."

Walimchimbia humo ndani, karibu na mafiga, kitu ambacho hakuna aliyekuwa amewahi kukiona. Bariki alisali kwa sauti ndogo na Kisioki akaweka nyasi mbichi juu yake kwa desturi ya ukoo, na hakuna aliyemkataza mwenzake. Halafu walitoka wakaanza kuivunja. Haikutaka kuanguka. Wanaume wawili walivuta nguzo ya kati kwa kamba mpaka viganja vikachubuka, na nyumba ikaendelea kusimama, mpaka Simaloi alipoweka mtoto chini ya mgomba akaja kuvuta na yeye. Paa lilishuka lote kwa mara moja likamfunika mwenye nyumba.

Walihamia kwenye kibanda cha kuvundikia ndizi, ambacho kilikuwa na kuta mbili na nusu. Simaloi alijikunja juu ya mtoto ili maji yamwangukie yeye. Kisioki alikuwa anahangaika kuziba tundu kwa jani la mgomba, tundu likihama kila alipoliziba, akaacha.

"Unajuta?" alimuuliza.

"Ndiyo," alisema Simaloi, meno yakigongana kwa baridi. "Najuta sana. Na wakija kuniuliza tena, nitawaambia alifia ndani."